Neno "Wameanguka" kwa Mwandiko Wangu

Mliniomba niwafundishe kuandika kumbukumbu za baraza la kanisa, nami nimekubali, lakini nawaambia mapema kwamba mtakachokipata huenda si kile mlichokifuata. Ninyi makarani wapya wa huku delta mmekuja na kompyuta na simu, na mchungaji amewaambia kwamba Mama Eunike alikikalia kiti cha karani miaka thelathini na mmoja, akakosa vikao viwili tu, kimoja kwa uzazi na kimoja kwa malaria. Hayo ni kweli. Lakini ninalo jambo linalonitia aibu, na kila ninaposifiwa aibu hiyo inaniuma upya. Basi acheni makofi, tuanze kazi.

Tuanze na vitabu. Anayeishi kando ya mto huu hawezi kuweka vitabu ndani ya sanduku sakafuni. Mimi nilijifunza hilo siku maji yalipoingia ofisini, nikakuta kumbukumbu za miaka minne zimekuwa uji. Tangu hapo vitabu vyangu vilikaa ndani ya ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana, zile zinazokuja na mafuta ya kupikia, juu ya rafu iliyopita kimo cha dirisha. Mafuriko mengine yalipotuhamisha kwenda mahali pa juu, watu walibeba magodoro na kuku, mimi nikabeba ndoo mbili. Marehemu mume wangu aliniuliza kama watoto wetu nao wana vifuniko.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Yona, mwalimu mstaafu aliyekuwa karani kabla yangu. Alikuwa mkali kwa koma na nukta, na alinipa kanuni mbili. Ya kwanza, karani hana maoni. Ya pili, andika kilichoamuliwa, usiandike kilichosemwa. Kanuni ya pili iliniokoa mara nyingi, maana wazee wetu wanapenda kusema. Kuna kikao kilichojadili mbuzi wa jirani aliyekula mahindi ya shamba la kanisa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ukoo wa mwenye mbuzi ulitajwa, na ukoo wa mbuzi ukakaribia kutajwa. Mimi nikaandika mstari mmoja: "Iliamuliwa ua ujengwe." Mzee Yona alipousoma alitabasamu, na ninyi hamjui ilikuwa kazi gani kumfanya yule mzee atabasamu.

Makosa nilifanya, tena ya kuchekesha. Mara moja nilitaka kuandika kwamba wazee waliomba kwa dakika kumi, nikaandika "wazee waligomba kwa dakika kumi." Kikao kilichofuata nilipokuwa nasoma ili kumbukumbu zithibitishwe, chumba kizima kilicheka. Mzee mmoja akasema iachwe hivyo hivyo kwa kuwa yote mawili yalitokea. Mzee Yona hakukubali. Alinionyesha namna ya kusahihisha: huchani ukurasa, hufuti, hupaki wino mweupe. Unapiga mstari mmoja juu ya neno, neno la zamani libaki likisomeka, kisha unaandika la kweli pembeni na kutia sahihi na tarehe. Aliniambia kanisa lina haki ya kuona lilipokosea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimeshaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu.

Kulikuwa na binti wa kwaya, miaka kumi na sita, nitakayemwita Damari. Si jina lake. Amenipa ruhusa ya kusimulia, hakunipa ruhusa ya kumtaja. Bibi yake alimleta mbele ya baraza Jumamosi moja asubuhi kwa sababu ya mwinjilisti wetu, mtu aliyependwa, aliyekuwa akiwafundisha watoto nyimbo. Mezani walikuwa wazee saba, wote wanaume, na mimi mwenye kitabu. Mwinjilisti naye alikuwa ameketi pamoja nasi, kikombe cha chai mbele yake, kwa sababu hakuna aliyefikiri kumwondoa. Damari alisimama. Mwenyekiti wa wakati ule alimwambia aseme.

"Alinishika kwa nguvu," alisema. "Nilimwambia aniache. Hakuniacha."

Nayakumbuka maneno yale kwa sababu sikuyaandika. Mzee mmoja aliuliza mbona hakupiga kelele. Binti aligeuza macho akanitazama mimi, mwanamke pekee chumbani mbali na bibi yake, na mimi nikaitazama kalamu yangu.

Wazee wakasemezana kidogo. Kisha mwenyekiti akaniambia: "Karani, andika: Mwinjilisti na binti huyu wameanguka dhambini."

Ninyi mmelelewa kanisani, mnalijua neno hilo. Fulani ameanguka. Ni neno la heshima, linafunika. Ukilisema, kila mtu anaelewa na hakuna anayelazimika kuuliza. Lakini tazameni mwanzo wake. Mwinjilisti angeweza kuandikwa kwamba ameanguka, peke yake, na hata hilo lingekuwa neno jepesi mno kwa alichomtendea mtoto wa watu. Sisi tuliweka "wa" ili waanguke wawili. Silabi moja ikamtoa binti kwenye upande wa aliyetendewa ikampeleka kwenye upande wa waliotenda.

Msiseme sikujua. Nilijua. Katika chumba kile kile nilikuwa nimeshamsimamisha mwenyekiti mara nyingi kwa sababu ya Kiswahili chake. Alisema "kiti hizi", nikamwambia viti hivi. Alisema "mikutano wetu", nikamwambia yetu. Wazee walizoea kunicheka kwa ukali wangu wa ngeli. Siku ile ngeli ilikuwa sawa, ukweli ndio haukuwa sawa, na mimi nikakumbuka ghafla kwamba karani hana maoni. Nikaandika, tena kwa mwandiko wangu mzuri.

Wote wawili wakawekwa nyuma. Kwa vijana wasiolijua jambo hili, kuwekwa nyuma ni kukalishwa benchi la mwisho, huimbi kwaya, hushiriki Meza ya Bwana, mpaka muda uishe usimame mbele ya watu utubu, ndipo upokewe. Mwinjilisti alipewa miezi miwili kwa sababu alikuwa ametubu palepale, akapiga magoti vizuri. Binti akapewa sita kwa sababu alikataa kutubu. Miezi sita ilipoisha aliitwa mbele. Alisimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sina la kutubu," akatoka kwa mlango wa kando akiwa na bibi yake. Nikaandika: "Amejitenga mwenyewe." Mwinjilisti akahamishiwa kanisa la mbali kwa barua iliyomwita mtumishi mwaminifu, na barua hiyo pia niliiandika mimi.

Miaka ilipita. Damari alijifunza ushonaji akafungua duka Tarasaa, upande wa barabara ya Malindi. Sare zetu akina mama wengi walishonewa huko, maana anashona vizuri na hakosei vipimo. Mimi nilipeleka kitambaa changu Garsen. Nikiulizwa nilisema fundi wa Garsen ananijua mwili. Uongo mtupu; yule fundi kila mwaka alinibana makwapani.

Kisha mambo yakaanza kubadilika. Tulipata mchungaji mwanamke, Mchungaji Rahabu, kijana kuliko mwanangu wa kwanza. Kanisa likaunda kamati ya kuwalinda watoto na kuwasimamia walioumizwa, tukaitwa Garsen kufundishwa. Nilikaa nyuma nikaandika kila kitu, na sikunyoosha mkono hata mara moja. Hazikupita wiki nyingi, mama mmoja wa lile kanisa la mbali akaja kwenye kamati na binti yake. Aliyeshtakiwa ni mwinjilisti yule yule. Na yeye alipoitwa alijibu kwamba hajawahi kushtakiwa na mtu, ila zamani yeye na msichana mmoja walianguka pamoja, akatubu, na wenye shaka wakasome kitabu cha kanisa letu.

Mchungaji Rahabu akaja kuniomba kitabu. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu. Kabla sijamjibu, mwenyekiti wetu wa sasa, Mzee Buya, akanivuta kando. Mzee Buya alikuwa mmoja wa wale saba. Ni mtu mwema, ndiye aliyekaa nami siku zote za msiba wa mume wangu.

"Dada Eunike," aliniambia, "mwaka ule maji hayakukichukua kile kitabu?"

Alijua hayakukichukua. Na mimi nilijua kilikuwa ndoo ya pili, cha tatu kutoka juu. Nikasema, "Nitaangalia." Nikakaa siku nne nikijifanya naangalia.

Nataka mjue nilichokuwa nikikilinda siku hizo nne. Sikuwa nikimlinda Mzee Buya wala jina la kanisa, ingawa ndivyo nilivyojiambia. Nililinda sherehe yangu ya kustaafu. Kamati ya akina mama ilikuwa imeshachagua kitenge. Huko mbali binti wa watu alikuwa ameacha kwenda shule kwa kuogopa kupita karibu na kanisa, na yule mtu alikuwa bado na funguo za darasa la watoto, akisubiri maneno yangu yamtetee. Nikiona aibu ninapolikumbuka hili, ni kwa sababu nilihitaji siku nne.

Siku ya tano nilitoa kitabu, nikakifunga kwa mfuko wa nailoni, lakini sikukipeleka kwa mchungaji. Nilikwenda Tarasaa kwanza. Nilifikiri si haki watu wa kamati wausome ule mstari kabla ya mwenyewe.

Damari alikuwa akikata kitambaa. Alinitambua nikiwa bado mlangoni.

"Karibu mama," alisema. "Una nguo ya kushona?"

Nikamwambia sina nguo, nina kitabu. Nikakifungua mezani kwake katikati ya chaki na uzi. Alisoma akifuatisha kidole. Alipofika kwenye neno, kidole kikasimama.

"Hii 'wa' ni ya nani?"

"Ni ya kwako na yake."

"Aliyeiweka nani?"

"Mwenyekiti alisema niandike..."

"Sijauliza aliyesema, mama. Nauliza aliyeiweka."

"Mimi," nikasema.

"Siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Uliniamini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengi njiani, kwa hilo sikujitayarisha. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwamini tangu sentensi ya kwanza. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba jibu lile lingemfariji. Aliweka mkasi chini akakaa.

"Miaka yote hii nimejiambia hamkuniamini," alisema. "Nikasema ni watu wa zamani, hawakuelewa. Nikawaachia hapo. Kumbe uliniamini na ukaandika hivi."

Nililia, na hilo nalo linanitia aibu, kwa sababu aliinuka akanipa kitambaa nipanguse macho, yeye ndiye akanihudumia mimi. Baadaye akaniambia, "Nenda huko kwenye kamati ukaseme hivi ulivyoniambia. Usinipambie, na usijipambie. Na mimi nitakuja, lakini si kwa ajili ya kanisa lenu. Nakuja kwa yule mtoto."

Tulikwenda. Garsen nilisema mbele ya kamati, na yule mtu akisikiliza, kwamba maneno ya kitabu ni yangu, kwamba binti hakusema hivyo, na nikayataja aliyoyasema. Mwinjilisti alisimamishwa kazi siku ile ile akanyang'anywa funguo. Kamati ikaongozana na mama na binti yake polisi, mahali ambapo sisi tulipaswa kumpeleka Damari tangu mwanzo. Kesi haijaisha, kwa hiyo nitaishia hapo. Binti wa pili amerudi shule, ila shule nyingine, na kila siku ya kesi Damari hufunga duka na kwenda kukaa naye.

Basi hapa ndipo penye mafundisho mliyoyafuata. Mtu akija kusema ameumizwa, baraza si mahakama na karani si hakimu. Hospitali na polisi kwanza, na mtu wa kumsindikiza awe anayemchagua yeye. Aliyemuumiza asiwe chumbani, hata kama kiti ni chake na chai imeshamiminwa. Aulizwe mara moja, na mtu mmoja, ili asirudie mbele ya kila mzee aliyechelewa kufika. Msimuulize mbona hakupiga kelele. Msimwahidi kwamba mtamfichia kila kitu, mwambieni mapema ni nani lazima aambiwe. Kuna mshauri Garsen siku hizi anayekaa na watu kama hawa mwezi hata mwaka, bila haraka ya kuwaambia wasamehe; mpelekeni kwake akitaka. Na ile kanuni ya Mzee Yona, Mungu amrehemu, itumieni kwa mbuzi na ua. Kwa mtu aliyeumizwa andikeni alichosema, kwa maneno yake, mumsomee, aseme ndiyo ama hapana. Na mkiambiwa muandike jambo mnalojua si kweli, wekeni kalamu chini. Mtaonekana wakorofi. Mimi sikuonekana mkorofi, na mmeona ilivyokuwa.

Nilirudi barazani kuomba kumbukumbu zile zisahihishwe. Mzee mmoja alisema haiwezekani kwa kuwa waliozithibitisha wengi wamekufa. Nikamwambia aliyeziandika hajafa. Mchungaji Rahabu akaniunga mkono, na mwishowe Mzee Buya naye akanyoosha mkono, akiwa anatazama meza. Nikapiga mstari mmoja, neno likisomeka, nikaandika pembeni: "Mwinjilisti alimshika binti kwa nguvu. Binti alikataa, akalieleza baraza. Baraza halikumtetea. Karani alimsikia, akamwamini, akaandika uongo." Nikatia sahihi. Kwa mara ya kwanza mwandiko wangu ukawa mbaya.

Iliamuliwa maneno hayo yasomwe Jumapili mbele ya watu wote. Na mjue sisi ni watu wagumu kufundishika, maana baraza lile lile likapanga Damari apokewe rasmi siku hiyo, kwaya iimbe wimbo wa kumrudisha kundini. Mimi ndiye niliyetumwa kumwalika. Hakukasirika. Aliendelea kupiga cherehani hadi mwisho wa mshono, kisha akasema, "Waambie mimi sikutoka, nilitolewa. Huo wimbo wajiimbie wao." Nikapeleka ujumbe kama ulivyo, bila kupunguza hata neno, na wimbo ukafutwa.

Jumapili nilisimama pale wanaposimama wanaotubu. Nilisoma mstari wa zamani, kisha nikasoma wa kweli. Mtoto mmoja alikuwa akidai maziwa. Mchungaji aliomba, nami nikakunja miwani nikiwaza kwamba sasa nimemaliza, nitakwenda kukaa benchi la nyuma kama nilivyoomba mwenyewe, na moyo utatulia.

Ndipo Salome akasimama katika safu ya akina mama. Salome ni rafiki yangu. Tumekaa bega kwa bega miaka zaidi ya ishirini, na nikisahau miwani yeye hunishikia kitabu cha nyimbo karibu. Hakupaza sauti.

"Eunike," alisema, "na mimi je?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza, "Wewe nini, Salome?"

"Mstari wangu wa 'wameanguka'. Wewe ndiye uliyeuandika, kabla ya huo wa Damari. Mimi nilikubali kutubu, ndiyo maana nipo hapa."

Watu wote walinigeukia wakisubiri nijibu. Nilimtazama usoni, nikatafuta, nikatafuta tena. Wanangu, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimwandika.